Kazi Zilizoletwa Umeme Ukiwa Umekatika

Jumatatu, 6 Mei

Mvua za mwaka zimeanza rasmi leo, nami nimeanza kuandika tena. Mvua ikishaanza hapa Valdivia sina pa kwenda jioni isipokuwa jikoni, na jikoni nikikaa bila kuandika nakula.

Yerko Paillán kaingia darasani nimeshafika katikati ya somo, maji yanamchuruzika kama kavuliwa mtoni. Kapita mbele yangu, "samahani mwalimu," kaenda kukaa nyuma, na njia nzima kaacha dimbwi. Anatoka Niebla, pwani, na kila siku pwani kuna jambo: daraja, ng'ombe, ukungu. Hii ni mara yake ya pili kusoma somo langu la mifumo ya kompyuta. Akianguka tena atapoteza nafasi ya kusoma bure, na kwao hakuna wa kumlipia. Ungedhani mtu wa namna hiyo angewahi kufika.

Nimewakumbusha kanuni yangu. Kazi inawekwa kwenye kompyuta ya maabara kabla ya saa sita mchana, siku ya Ijumaa. Saa ya kuleta haiandiki mwanafunzi, inaandika kompyuta yenyewe: faili hii ilibadilishwa lini mara ya mwisho. Ikipita dakika moja, alama ni moja kati ya saba, na hapo umezama. Habari za bibi kafariki sisikilizi. Kabla ya kanuni hii nilikuwa na kijana aliyezika bibi watano katika muhula mmoja. Mimi ndiye niliyeling'ang'ania baraza mpaka likaiweka katika taratibu za idara, na sasa hakuna awezaye kuitengua ila mkuu wa idara.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua. Kuni mbichi. Nimesahihisha mazoezi nikiwa nimevaa koti na kofia.

Jumatano, 15 Mei

Nibaldo, msimamizi wa maabara, kaniletea chai na maneno. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi mpaka watu wanadhani tumeoana.

"Bibi Oriana, yule kijana wako wa Niebla anafika hapa kabla sijafungua mlango."

"Yupi? Yerko? Yerko anachelewa kila siku."

"Kwako anachelewa. Kwangu anawahi. Anakuja na gari la samaki alfajiri, anaanika soksi kwenye jiko langu, analala kwenye kiti. Halafu namwonea huruma, simwamshi."

"Kwa hiyo anayemchelewesha ni wewe!"

"Ni usingizi, bibie. Mimi nimemfunika koti tu."

Nimemwambia kesho amwamshe. Kasema atajitahidi.

Jumatatu, 27 Mei

Wanafunzi wamegoma, wamepanga viti mlangoni. Antonella Risopatrón, nyota wa darasa langu, ndiye aliyekuwa juu ya meza na kipaza sauti. Kanipungia mkono. Nami nikampungia.

Alhamisi, 30 Mei

Bado mgomo. Bado mvua. Nimepika supu ya dengu ya watu wanane na kuila peke yangu.

Jumanne, 4 Juni

Wamerudi. Wiki zimevurugika, ikabidi nichanganye ratiba: somo ambalo siku zote nalifundisha mwisho kabisa nimelileta mbele, ndipo kazi ya mwisho ifuate.

Somo lenyewe nalipenda kupita kiasi. Kila faili hubeba saa zake: lini ilifunguliwa mara ya mwisho, lini ilibadilishwa mara ya mwisho. Programu haina ruhusa ya kuzigusa kwa mkono wake. Lazima iuombe mfumo wenyewe, na ombi hilo linaitwa utime. Unaupa jina la faili na saa mbili, ya kufunguliwa na ya kubadilishwa, nao bila kukukodolea macho unaandika ulichosema. Usipoupa saa yoyote, unaandika sasa hivi. Ombi hilo limewekwa kwa ajili ya watu waaminifu: ukinakili barua ya zamani, nakala isijidai imeandikwa leo.

Baltazar, mcheshi wetu, kanyosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo naweza kuuambia mfumo kwamba faili yangu niliiandika jana?"

"Hata mwaka juzi, mradi faili ni yako."

"Na mfumo unaniamini?"

"Unakuamini kuliko mama yako."

Wamecheka mpaka madirisha yakaingia ukungu. Yerko hakucheka, alikuwa ananakili ubaoni, ulimi nje. Leo kawahi. Nibaldo kamwamsha.

Jioni nilipomsimulia Nibaldo, kaweka kikombe chini taratibu.

"Subiri. Umewafundisha kurudisha saa nyuma, na kazi ya mwisho hawajaleta?"

"Kwani vipi?"

"Oriana, umempa paka ufunguo wa kabati la samaki."

"Wanafunzi wangu si paka."

"Haya mama. Mimi ni mtu wa nyaya tu."

Jumatano, 5 Juni

Nimewapa kazi ya mwisho: programu ya kunakili folda nzima, kila kitu mahali pake. Nusu ya alama za muhula. Saa sita mchana, Ijumaa tarehe kumi na nne.

Jumanne, 11 Juni

Yerko kanifuata ofisini na maswali matatu, yote mazuri. Sikumwambia kwamba ni mazuri. Viatu vyake vinatoa sauti.

Alhamisi, 13 Juni

Tangu asubuhi upepo unataka kuing'oa nyumba. Mchana mwanafunzi mmoja baada ya mwingine kaniandikia kwenye simu: mwalimu, kwetu umeme hakuna, mwalimu, mti umeangukia nyaya, mwalimu, tufanyeje. Yerko kaandika kwamba udongo umeporomoka, barabara ya Niebla imefungwa. Nami, kichwa kigumu mimi, nikawajibu wote kwa pamoja: "Taasisi ina jenereta. Kanuni ni kanuni." Halafu betri ya simu ikafa, na umeme wa kuichaji ukawa haupo.

Ijumaa, 14 Juni

Giza mchana kweupe. Nibaldo kaja kwa miguu, mwavuli wake umebaki vijiti.

"Jenereta imekohoa mara mbili ikalala. Tangu jana jioni kompyuta zote zimezimika."

"Na kazi za watoto?"

"Kazi gani, bibie? Hata Papa mwenyewe leo hawezi kuweka faili pale."

Tulikaa karibu na jiko tukala mkate na jibini. Nikasema basi, Jumatatu nitaongea nao, nitawapa siku nyingine. Nilijiona mkarimu sana.

Jumamosi, 15 Juni

Umeme umerudi asubuhi, kwangu na kwenye taasisi. Nimelala mchana kutwa.

Jumatatu, 17 Juni

Sijui nianzie wapi, nusu hasira nusu kicheko.

Nimefungua folda ya kazi za mwisho kabla ya kumwona mwanafunzi yeyote. Zote zipo. Na zote, isipokuwa mbili, zimebadilishwa mara ya mwisho Ijumaa asubuhi. Saa nne na robo. Saa tano kasorobo. Antonella, fundi wangu, kachagua saa tano na dakika saba na sekunde zisizo kamili, ili ionekane ya kweli. Karibu darasa zima limefanya kazi Ijumaa asubuhi kwenye kompyuta iliyokuwa imekufa tangu Alhamisi.

Waliniamini kuhusu jenereta. Hilo ndilo kosa lao, na ndilo kosa langu.

Baltazar yeye kakosea hata kudanganya. Badala ya saa ya Ijumaa kaupa mfumo sifuri, na kwa mfumo sifuri ni mwanzo wa kuhesabu saa, usiku wa kuingia mwaka 1970 huko ng'ambo. Kwa hiyo kazi yake, kwa saa za hapa kwetu, ililetwa tarehe 31 Desemba 1969, mkesha wa mwaka mpya. Mama yake alikuwa hajazaliwa.

Nibaldo alisoma begani kwangu. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Basi hakuna aliyewahi kuliko Baltazar! Mpe saba!"

"Nyamaza, Nibaldo."

"Na huyu wa Jumamosi jioni ni nani?"

Sikuhitaji kuangalia jina. Yerko. Faili ya Yerko inasema Jumamosi jioni, barabara ilipofunguliwa. Katika darasa zima, kwa kanuni yangu mwenyewe, aliyechelewa ni mmoja.

Jumanne, 18 Juni

Nimemwita ofisini. Kasimama mlangoni ili asilowanishe zulia, hadi nikamlazimisha kukaa.

"Yerko, ombi la utime hukulielewa?"

"Nililielewa, mwalimu. Nimelijaribu kwa picha ya mbwa wangu. Sasa inaonyesha ilibadilishwa mwaka 2060."

"Basi kwa nini hukurudisha nyuma saa ya kazi yako?"

Kanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuvaa kiatu kichwani.

"Kwani niliileta Ijumaa?"

Nikamuuliza kama anajua kuchelewa huko kuna maana gani kwake.

"Najua. Nimeshamwambia mama. Kasema nirudi kwenye kiwanda cha chaza, mjomba ataniombea kazi." Akaangalia mikono yake. "Mwalimu, mimi sikulaumu. Ulisema mapema."

Alipotoka nikafunga mlango nikalia. Nimemfundisha huyu kijana mihula miwili, na nilichojua juu yake ni dimbwi.

Jumatano, 19 Juni

Nimekwenda kwa don Ulises, mkuu wa idara. Mtu mwema, mwoga wa karatasi.

"Don Ulises, naomba Yerko Paillán asamehewe kanuni ya saa sita. Barabara ya kwao ilifungwa."

"Mwalimu Oriana, si kanuni yako hii? Mimi niliipinga, ukaniita laini mbele ya baraza."

"Nilikuita."

"Na wenzake waliwezaje? Dhoruba ilikuwa ya mji mzima." Akavua miwani. "Darasa zima lingechelewa, ningesema ni hali ya hewa, ningetia saini sasa hivi. Mmoja akichelewa, ni yeye."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni: hawakuweza, don Ulises, kompyuta ilikuwa imezimwa. Maneno sita. Lakini kughushi kazi ya mwisho ni kufukuzwa, hakuna mjadala, nami ningewafukuza wote kwa pumzi moja: Antonella na kipaza sauti chake, Baltazar na sifuri yake. Nikayameza. Nikashuka ngazi nikiwa siwapendi hata kidogo, na siwezi kuwaacha wazame.

Alhamisi, 20 Juni

Sikukuu. Mvua ya kutwa, na mvua ya namna hii inadai sopaipilla, maandazi yetu ya boga, kwa hiyo nimekaanga, boga likiwa jingi kuliko unga kama alivyofanya mama. Nibaldo kaja kuzila.

Nimemwambia nilichopanga. Mimi ni msimamizi wa ile kompyuta, naweza kugusa faili ya yeyote. Nikienda kwenye folda na kuita utime bila kuupa saa yoyote, faili zote zitaandikwa sasa hivi. Wote watakuwa wamechelewa, sawasawa, Yerko na wenzake. Hapo don Ulises atatia saini, na hakuna atakayefukuzwa.

Nibaldo kameza kipande chake.

"Na wewe utakuwa umeghushi."

"Nitakuwa nimesema wamechelewa. Si wamechelewa kweli?"

"Wamechelewa. Lakini si kwa saa hiyo."

"Unataka nifanye nini, bwana we!"

"Nataka sopaipilla nyingine," akasema, akanishika mkono kidogo juu ya meza.

Ijumaa, 21 Juni

Nimefanya. Kabla ya kipindi nimeketi maabara, nimeandika mstari mmoja, nimebonyeza. Faili zote zikawa za leo asubuhi, saa ileile. Hata ya mwaka 1969 ikawa kijana ghafla.

Kisha nikaingia darasani, nikawasha picha ya folda ukutani. Hawakuelewa mara moja. Halafu wakaelewa. Nikaona rangi ikimtoka Antonella usoni.

"Kama mnavyoona," nikasema, "wote mmechelewa kwa wiki nzima. Nitampelekea don Ulises hivi hivi, nimwombe aifute kanuni kwa sababu ya dhoruba. Mwenye pingamizi aseme."

Nilijua hakuna atakayesema. Kupinga ilikuwa ni kujitaja. Nilikuwa nimewafungia ndani ya uongo wao na ufunguo ninao mimi, na nikiri, nilijisikia mjanja.

Mkono mmoja ukanyooka nyuma.

"Mwalimu, samahani. Yangu si ya leo. Niliileta Jumamosi."

Nikamkazia macho: kaa, mtoto wewe, kaa. Hakukaa.

"Jumamosi jioni. Kama lazima iandikwe nimechelewa, iandikwe hivyo. Lakini leo hapana."

"Yerko," nikasema, "kuna tofauti gani?"

"Sijui, mwalimu. Ila Jumamosi ndiyo siku niliyoileta."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilitaka kumpiga chaki, nilitaka kumkumbatia. Nikawaza, Oriana, huyu si mtu anayetaka kuokolewa kwa njama, hata njama yako nzuri.

Ndipo Antonella akasimama. Huyu binti aliyesimama juu ya meza na kuhutubia nusu ya mji, leo ananong'ona.

"Yangu... yangu ni Jumapili. Mchana. Saa niliyoweka niliitunga."

"Hata sekunde?" nikamuuliza.

"Hata sekunde, mwalimu."

Baada yake wakaja wenyewe, mmoja mmoja, kila mtu akisimama. Jumamosi asubuhi. Jumapili jioni. Jumamosi, lakini nilimalizia Jumapili. Mmoja akasema Jumatatu alfajiri na akaanza kulia. Nilikuwa nimekaa juu ya meza, miguu inaning'inia, siandiki chochote, nasikiliza tu. Mwisho akabaki Baltazar.

"Mwalimu, yangu ni Jumapili usiku. Hiyo nyingine... mimi hata sijui ilikwendaje huko."

Hapo tukacheka wote, hata aliyekuwa analia. Nami nikawaambia yangu: kwamba Ijumaa jenereta ililala, kompyuta ilikuwa imezimwa tangu Alhamisi, na kwamba niliwaandikia kanuni ni kanuni bila kujua ninachosema. Kwamba asubuhi hii nilizibadilisha saa zao kwa mkono wangu, na sikupaswa.

"Yaani ulikuwa unajua tangu Jumatatu?" Antonella akauliza.

"Ningejua hata nikiwa nimelala."

Wakajishika vichwa.

Nimepanda kwa don Ulises na maneno yaliyo ya kweli: darasa zima lilichelewa, hakuna hata mmoja aliyewahi, kompyuta haikuwa na umeme. Akauliza mbona Jumatano sikusema. Nikasema Jumatano nilikuwa sijawasikia. Akanitazama juu ya miwani, akaona kuna mengi, akatia saini ili asiyasikie.

Jumatatu, 24 Juni

Nibaldo kawatia wote adabu: wanaisafisha jenereta, vipuri vimetandazwa sakafuni. Antonella ana grisi hadi masikioni. Leo imewaka.

Jumatano, 26 Juni

Nimesahihisha. Ya Yerko nimeiacha mwisho, nikaichelewesha kwa chai mbili. Saini ya don Ulises imemwondolea kanuni, haikumpa alama. Anahitaji nne ili apite, na hiyo hakuna wa kumwombea.

Programu yake inanakili faili zote na saa zake zote. Majina marefu yanamshinda. Maelezo yake kayaandika kwa sentensi moja inayopita karatasi. Mahali pa folda tupu nikaona kasahau, nikakata. Nimejumlisha nikiwa nimeuma kalamu: nne na nukta mbili. Kapita. Nimejumlisha tena, kwa kuwa sijiamini ninapofurahi. Nne na nukta mbili, ya haki, sikuongeza hata chembe.

Nimemwita mwenyewe kumwambia. Nilitegemea atashukuru, labda atatoa chozi, na mimi nilikuwa na kitambaa tayari mfukoni. Akaichukua karatasi, akaisoma yote, mbele na nyuma.

"Mwalimu, hapa kwenye folda tupu umenikata."

"Umezisahau."

"Sikuzisahau. Ziko chini, baada ya faili. Hukufika."

"Yerko, umepita! Nenda kampigie mama yako simu!"

"Nitampigia. Lakini sikuzisahau."

Nikavaa miwani, nikawasha kompyuta, tukainama wote wawili, nywele zake zinanidondoshea maji kwenye karatasi. Zilikuwepo. Chini, baada ya faili, zimefanyika vizuri kabisa. Nikafuta, nikaandika nne na nukta tano, akasema asante, akaenda kumpigia mama yake.